Mizani ya Pierre Curie

Katika kozi yetu ya tafsiri kila mwanafunzi alipewa neno moja la sayansi alitafutie Kiswahili. Mimi nilipewa transduksioni. Nililipokea kwa furaha ya mtu asiyejua amepewa nini. Kwa haraka zangu nililisoma kama traduksioni, neno la Kifaransa lenye maana ya tafsiri, na kwa siku mbili nzima nikaandika juu ya kazi ya mfasiri. Mwenzangu ndiye aliyenionyesha herufi mbili nilizoziruka. Tulicheka sana. Lakini kosa la pili nililolifanya juu ya neno hilo hilo halikuchekesha mtu, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Yaya yangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, na alikuwa amepangiwa siku ya kupimwa ekografi. Jioni moja, tukila bukari nyumbani kwake Katuba, aliniuliza ile mashine inamwonaje mtoto aliye ndani ya tumbo. Nilikuwa nimesoma kurasa chache tu, lakini tayari nilijiona mtaalamu. Nikamweleza kwamba kile kichwa cha mashine kinachopitishwa juu ya tumbo huitwa transdukta, kwamba ndani yake mna kitu cha jamii ya fuwele, na kwamba siri ya fuwele hizo iligunduliwa na Pierre Curie.

Jina la Curie alilifahamu. Babu yetu alifanya kazi migodini upande wa Likasi, na nyumbani kwetu habari za mawe ya Shinkolobwe zilisimuliwa kwa sauti ya chini. Curie ni radiumu; radiumu ni mionzi; mashine ni ya Curie; basi mashine ni ya mionzi. Yaya alikamilisha hesabu hiyo mwenyewe, nami sikumsahihisha kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nimehesabu vivyo hivyo. Siku ya kipimo ilipofika hakwenda. Akapangiwa siku nyingine, hakwenda tena. Mama aliposikia sababu aliniita, akanitaka niyaondoe mwenyewe maneno niliyoyaleta kutoka chuoni.

Ndipo nilipokaa chini nikayasoma maisha ya Pierre Curie tangu mwanzo. Nayasimulia hapa kama nilivyoyaelewa, kwa sababu jibu la swali la yaya limo ndani yake, na jibu la kazi yangu ya kozi pia.

Pierre Curie alizaliwa Paris tarehe 15 Mei 1859. Baba yake, Eugène, alikuwa daktari. Pierre hakupelekwa shule. Akili yake ilikuwa ya mwendo wa polepole: akishika jambo moja alitaka kulifikisha mwisho, na hakuweza kuliacha ashike jingine eti kwa kuwa kengele imelia. Wazazi wake waliona kwamba darasa la kawaida lingemvunja moyo. Kwa hiyo alifundishwa nyumbani, na mama yake, na baba yake, na kaka yake Jacques, kisha alipofika miaka 14 akapata mwalimu wa hisabati aliyemfungua macho. Muda mwingine aliutumia kutembea mashambani na misituni nje ya mji, akitazama mimea na wadudu. Kijana huyo ambaye hakukaa darasani alipata diploma ya kumaliza sekondari akiwa na miaka 16, na lisansi ya fizikia akiwa na miaka 18. Mwaka 1878 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika Chuo Kikuu cha Sorbonne.

Kaka yake Jacques naye alikuwa katika maabara ya madini. Wakati huo wataalamu walijua tangu zamani kwamba jiwe liitwalo turmalini likipashwa moto hupata umeme juu yake, likaweza kuvuta majivu. Ndugu hao wawili walijiuliza: na likibanwa je? Hawakubahatisha. Pierre alikuwa amekwisha kufikiri sana juu ya ulinganifu wa fuwele, yaani jinsi pande zake zinavyofanana au kutofanana. Aliona kwamba katika fuwele ambayo upande mmoja haufanani kabisa na upande wa pili, mkandamizo ungeweza kuzaa umeme chanya huku na umeme hasi kule. Kwa hiyo walijua ni mawe gani wayachague na wayakate kwa mwelekeo gani. Waliyakata vipande, wakavibandika karatasi za madini ya bati pande zote mbili, wakavibana. Umeme ukatokea. Uzito ulipoongezwa, umeme ukaongezeka kwa kadiri ile ile. Hiyo ilikuwa mwaka 1880, na Pierre alikuwa na miaka 21. Walipata matokeo hayo kwa kwatsi, kwa turmalini, kwa topazi, hata kwa fuwele za sukari ya miwa, ndugu ya ile tunayoitia katika chai.

Jambo hilo likapewa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kubana. Sisi tunaweza kuliita umeme wa mkandamizo. Msomaji ambaye hajawahi kuliona maabarani amelisikia jikoni. Ule mlio wa ghafla wa kiwashio cha gesi ukibonyeza kitufe ni nyundo ndogo inayogonga kipande cha jamii hiyo. Pigo linageuka umeme, umeme unaruka kama cheche, gesi inawaka. Hakuna betri ndani yake, wala hakuna mionzi.

Mwaka uliofuata, 1881, mwanafizikia Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba ikiwa mkandamizo huzaa umeme, basi lazima umeme nao uweze kulisogeza jiwe. Jacques na Pierre walirudi maabarani, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wamethibitisha. Ukilipa jiwe umeme, linarefuka au kufupika kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Njia ni moja, inapitika kwenda na kurudi. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana tutalihitaji.

Hapo ndipo neno langu linapoingia. Pierre Curie mwenyewe hakuliita jambo hilo transduksioni. Mafundi wa simu, wa redio na wa sauti waliokuja baadaye ndio waliolihitaji neno la jumla kwa kila kifaa kinachopokea nishati ya namna moja na kuitoa kwa namna nyingine. Mikrofoni hupokea sauti ikatoa umeme. Spika hupokea umeme ikatoa sauti. Neno lenyewe ni la Kilatini: kuongoza kitu hadi ng'ambo. Traduksioni ya Kifaransa imetoka katika shina hilo hilo, na ndiyo maana jicho langu lilidanganyika. Katika Kiswahili tuna kitenzi kuvusha, kazi ya mwenye mtumbwi. Lakini abiria wa mtumbwi hupanda akiwa mtu na kushuka akiwa mtu yule yule. Katika jiwe la Curie kinachopanda ni uzito na kinachoshuka ni umeme. Kinachobaki vile vile ni kipimo: ukizidisha huku, kinazidi kule. Kwa fizikia, basi, kuvusha hakutoshi. Lazima tuseme kugeuza, na tuongeze kwamba kipimo kinatunzwa.

Mwaka 1882 Pierre alikabidhiwa maabara ya shule mpya ya fizikia na kemia ya viwandani jijini Paris, na mwaka 1883 Jacques akahamia Montpellier kufundisha. Ndugu wakatengana. Pierre alibaki katika shule hiyo zaidi ya miaka 20, kwa mshahara mdogo na vifaa vichache, akifundisha mafundi wa kesho na kufanya utafiti kila alipopata nafasi. Alitengeneza mizani sahihi sana. Aliandika mwaka 1894 juu ya ulinganifu, akaonyesha kwamba jambo hutokea pale tu ulinganifu fulani unapokosekana. Alichunguza jinsi sumaku inavyopoteza nguvu ikipashwa moto, na kiwango cha joto ambapo madini huacha kuwa sumaku hadi leo huitwa kwa jina lake. Kwa kazi hiyo alipata udaktari mwaka 1895. Hakuwa mtu wa kujitangaza. Vyeo havikumvutia, na baadaye alipotaka kupewa nishani ya taifa aliikataa, akaeleza kwamba anachokosa ni maabara.

Mwaka huo huo wa 1895, tarehe 26 Julai, alimwoa Marie Skłodowska, mwanafunzi kutoka Poland. Harusi ilikuwa ndogo, na fungate waliipitisha juu ya baiskeli. Mtoto wao wa kwanza, Irène, alizaliwa mwaka 1897. Baba yake Pierre, aliyekuwa amefiwa na mkewe mwaka huo huo, akaja kukaa nao, akasaidia kulea.

Wakati huo Marie alikuwa akitafuta mada ya udaktari. Mwaka 1896 Henri Becquerel alikuwa amegundua kwamba uraniumu hutoa mionzi yenyewe, bila kuwashwa na kitu chochote. Marie aliamua kuipima mionzi hiyo. Lakini utapima vipi kitu kisichoonekana, kisichosikika wala kunuka? Kilichojulikana ni kwamba mionzi hiyo hufanya hewa ipitishe umeme kidogo, umeme mdogo kiasi cha kushinda vipimo vya kawaida. Jibu lilikuwa tayari nyumbani kwao. Lilikuwa jiwe la mwaka 1880.

Kifaa chao kilifanya kazi hivi. Unga wa madini uliwekwa juu ya sahani ya chuma. Mionzi yake ilipitisha umeme hewani hadi sahani ya pili. Upande mwingine palikuwa na kipande chembamba cha kwatsi kilichoning'inizwa, na chini yake kitanga cha mizani. Marie aliongeza uzito kwenye kitanga. Kwatsi ilivutika, ikatoa umeme wake. Umeme huo ukaupinga ule wa mionzi hadi mshale ukatulia kwenye sifuri. Kisha aliandika uzito na sekunde zilizopita. Kwa njia hiyo mionzi, kitu kisicho na mwili, iligeuzwa kuwa gramu na sekunde katika daftari.

Nilipofika hapo katika kusoma niliweka kitabu chini. Niliona jinsi nilivyomdanganya yaya yangu bila kukusudia. Ni kweli kwamba jiwe la Curie na radiumu ya Curie vilikuwa katika chumba kimoja. Lakini jiwe lilikuwa mizani, na radiumu ndiyo iliyopimwa. Sokoni Kenya mizani moja hupima unga asubuhi na misumari jioni, na hakuna mama anayekataa unga akisema una misumari. Mimi nilikuwa nimechanganya mizani na mzigo.

Kwa kipimo hicho Marie aligundua kwamba madini fulani meusi mazito, yaliyotoka Bohemia, yana nguvu kuliko uraniumu iliyomo ndani yake. Maana yake ilikuwa moja: mna kitu kingine kisichojulikana. Pierre aliacha utafiti wake wa fuwele akajiunga naye. Mwezi Julai 1898 walitangaza poloniumu, na mwezi Desemba radiumu. Ikafuata miaka ya kuchemsha, kukoroga na kuchuja tani za madini katika banda bovu lililovuja mvua, hadi mwaka 1902 Marie alipopata sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi safi ya radiumu. Hawakuchukua hataza ya njia yao. Kila aliyeuliza namna ya kuipata alielezwa.

Mwaka 1903 Pierre na mwenzake Albert Laborde walionyesha kwamba radiumu hutoa joto muda wote, kiasi cha kuyeyusha barafu ya uzito wake kwa muda wa kama saa moja, na haipoi. Mwaka huo huo kamati ya Nobel ilikuwa ikifikiria kuwatuza Becquerel na Pierre peke yao. Pierre alipodokezwa habari hiyo aliandika kuomba Marie asiachwe, na tuzo ikatolewa kwa watu watatu. Hakuhitaji kuongeza chumvi. Daftari za vipimo zilikuwa na mwandiko wa mkewe.

Lakini radiumu ilidai malipo. Pierre aliwahi kujifunga kipande chake mkononi kwa makusudi; ngozi ikaungua na kidonda kikakaa wiki nyingi. Akaandika matokeo kwa utulivu, na kutokana na kazi ya namna hiyo madaktari walianza kuitumia radiumu kuunguza uvimbe wa saratani. Yeye mwenyewe alichoka, miguu ikamwuma, usiku halali. Alipokwenda Stockholm mwezi Juni 1905 kutoa hotuba ya tuzo, aliwauliza wasikilizaji wake kama binadamu wamekomaa kiasi cha kuzijua siri za maumbile, au ujuzi huu utawadhuru ukiangukia mikononi mwa wahalifu. Alimalizia kwa kutumaini kwamba mema yatazidi mabaya.

Mwaka 1904 hatimaye alikuwa amepata uprofesa wa Sorbonne, na binti wa pili, Ève, akazaliwa. Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya mvua, alikuwa akivuka barabara ya Dauphine jijini Paris akateleza mbele ya mkokoteni mzito wa farasi. Gurudumu la nyuma lilimpasua kichwa. Alikuwa na miaka 46. Marie alichukua nafasi yake ya kufundisha, na mwaka 1995 miili yao wote wawili ilihamishiwa Panthéon, mahali Ufaransa inapowazika mashujaa wake.

Alipokufa, mji wetu ulikuwa bado haujazaliwa. Élisabethville ilianzishwa mwaka 1910. Shinkolobwe, karibu na Likasi, iligunduliwa kuwa na uraniumu mwaka 1915, na mwaka 1921 machimbo yakafunguliwa. Madini yake yalikuwa tajiri kuliko mengine yote yaliyojulikana. Kuanzia mwaka 1922 yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, kutolewa radiumu. Mtaalamu wa Kibelgiji Alfred Schoep, akichunguza mawe hayo, alikuta aina mpya. Moja yenye rangi ya machungwa iliyoiva aliiita kuriti, kwa heshima ya Pierre Curie. Nyingine akaiita bekereliti, kwa ajili ya Becquerel. Ya tatu, ya manjano, akaiita sklodowskiti, kwa jina la ukoo la Marie. Hivyo watu watatu wa tuzo ya 1903 wamelala kwa majina yao katika udongo wa Katanga, na wazee wetu waliyabeba majina hayo migongoni bila kuyajua. Baadaye uraniumu ya hapo ilikwenda Marekani kutengeneza mabomu ya mwaka 1945. Swali la Stockholm lilikuwa limejibiwa, na hofu ya nyumbani kwetu si ya kuchekwa. Ina sababu yake. Kosa ni kuipeleka mahali pasipo pake.

Maana jiwe la mwaka 1880 lilifuata njia nyingine. Paul Langevin alikuwa mwanafunzi wa Pierre katika ile shule ya mafundi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alitafuta namna ya kuzigundua nyambizi chini ya bahari, akaikumbuka kazi ya mwalimu wake. Alikibana kipande cha kwatsi katikati ya mabamba ya chuma, akakipa umeme unaobadilika haraka haraka. Jiwe likatetemeka, likatoa sauti ya juu mno isiyosikika kwa sikio. Sauti ikaenda majini, ikagonga, ikarudi. Jiwe lile lile likabanwa na mwangwi, likatoa umeme. Kwenda na kurudi, kama ndugu wawili walivyothibitisha. Mashine ya ekografi ni mjukuu wa kifaa hicho. Siku hizi badala ya kwatsi hutumiwa kauri maalumu, inayotetemeka mamilioni ya mara kwa sekunde. Sauti hupita mwilini kwa kama mita 1,540 kwa sekunde, na mashine huhesabu muda wa mwangwi kurudi ikachora picha. Kinachoingia tumboni ni sauti, na kinachotoka ni sauti.

Neno nalo liliendelea na safari yake. Wanaochunguza mwili hulitumia kwa jicho linalogeuza mwanga, na sikio linalogeuza mtetemo, kuwa ishara za neva. Pia kwa seli inayopokea ujumbe wa homoni nje na kuupitisha ndani kwa kemikali nyingine. Hapo maana ya kugeuza inafaa bado. Lakini mwaka 1952 Norton Zinder na Joshua Lederberg walilitumia kwa jambo tofauti. Waliona kwamba virusi vinavyoshambulia bakteria huweza kuchukua kipande cha jeni kutoka bakteria mmoja na kukipeleka kwa mwingine. Jeni haikugeuka kuwa kitu kingine. Ilipandishwa na kushushwa. Hapa ndipo mwenye mtumbwi anapostahili kazi yake, na Kiswahili chetu kina neno tayari: uvushaji wa jeni.

Mwanasaikolojia Jean Piaget alikuwa na maana ya tatu. Kwake transduksioni ni hoja ya mtoto mdogo, anayeruka kutoka jambo moja hadi jingine bila kanuni katikati. Binti yake, siku ambayo hakulala mchana, aliamua kwamba basi mchana haujafika. Nilipousoma mfano huo niliona haya, maana ndiyo hesabu niliyomfanyia yaya: mashine ni ya Curie, Curie ni wa mionzi, basi mashine ni ya mionzi. Mwanafalsafa Mfaransa Gilbert Simondon, katika kazi zake za mwaka 1958, alilirudisha neno kwenye fuwele: fuwele inapokua katika maji yenye chumvi nyingi, kila tabaka lililokwisha kujengwa huwa msingi wa tabaka linalofuata. Aliona mawazo na jamii navyo vinakua hivyo.

Na sisi wa lugha tunalo letu. Katika kompyuta, transdukta ni mashine ya hesabu inayosoma mfuatano wa herufi na kutoa mfuatano mwingine. Mfini Kimmo Koskenniemi alieleza mwaka 1983 njia ya kuchambua maneno kwa namna hiyo, na mwenzake wa Helsinki, Arvi Hurskainen, akaitumia kwa Kiswahili. Ukiipa hatukumwona, inakurudishia vipande: ukanushi, nafsi ya sisi, wakati uliopita, mtendwa wa nafsi ya tatu, na kitenzi ona. Ukiipa vipande hivyo, inakurudishia neno. Hata hapa njia ni moja, kwenda na kurudi.

Kwa hiyo katika kazi yangu ya kozi sikuleta neno moja. Nilileta ugeuzaji kwa fizikia na kwa mwili, uvushaji kwa jeni, na hoja ya kurukia kwa mtoto wa Piaget. Kwa fuwele ya Simondon na kwa mashine ya lugha nililiacha neno kama lilivyo, nikaeleza chini yake. Niliandika kwamba anayelazimisha neno moja kwa yote haya anachanganya mizani na mzigo, na kwamba mimi najua gharama yake.

Kwa yaya nilitumia maneno machache zaidi. Nilikwenda na kiwashio cha gesi mfukoni. Nilikibonyeza mbele yake mara tatu nne, nikamweleza kwamba hicho ndicho alichokigundua Curie akiwa kijana, miaka 18 kabla ya radiumu. Nikamweleza habari ya mizani ya sokoni. Nikamwomba radhi. Alikichukua kiwashio akakibonyeza mwenyewe, akakaa kimya, kisha akauliza kipimo kingine ni lini.

Aliniomba nimsindikize. Daktari alimpaka mafuta ya baridi tumboni, akaweka kichwa cha mashine. Mwanzoni kwenye kioo palikuwa na ukungu tu wa kijivu. Kisha mgongo ukaonekana, mdogo kama uzi wa shanga, na daktari akafungua sauti ili tusikie mapigo ya moyo, ya haraka sana. Yaya alinigeukia akaniuliza kama ile ndiyo sauti iliyorudi. Nikamjibu kwamba ndiyo, ni hiyo hiyo.